Unyevu wa Pwani na Dawa za Nyumbani: Kwa Nini Kidonge Hudumu na Dawa ya Maji Huharibika

Katika ufuo wa Mbegani, kama ilivyo Kaole, Mlingotini na pwani yote ya Bagamoyo, samaki asiyepata mnunuzi siku hiyo hatupwi. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, hupakwa chumvi na kuanikwa juani hadi akawa ng'onda wa kuliwa miezi ijayo. Wazee waliobuni utaratibu huo hawakuwa na darubini wala hawakuwa wamesikia habari za bakteria. Walijua tu kwamba samaki mbichi huoza kwa siku moja, na kwamba chumvi na jua humzuia asioze.

Ndani ya nyumba hiyohiyo ya mvuvi, juu ya kabati, huenda ikawapo chupa ya dawa ya mtoto iliyobaki nusu tangu kikohozi cha mwezi uliopita. Pembeni yake pana vidonge vichache katika kibahasha cha karatasi, na kopo la marhamu lililochotwa kwa vidole mara nyingi. Mama mwenye nyumba huona uchungu kuvitupa, kwa maana vilinunuliwa kwa fedha, na mtoto anaweza kuugua tena usiku ambapo duka la dawa limefungwa. Swali la kama vitu hivyo bado ni dawa hujibiwa na kanuni ileile inayomhifadhi ng'onda. Makala haya yanaeleza kanuni hiyo, na namna mkazi anavyoweza kuitumia katika nyumba yake.

Maji yaliyofungwa na maji huru

Watu wengi hudhani kwamba kitu huoza kwa sababu kina maji mengi, na hudumu kwa sababu kina maji machache. Dhana hiyo ina ukweli, lakini haikutimia. Asali huwa na maji kiasi cha asilimia 17 au 18 ya uzito wake, nayo hukaa miaka bila kuharibika. Mahindi yenye maji kiasi hichohicho yakitiwa ghalani huota ukungu, na ndiyo sababu kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu. Maji ni sawa kwa kiasi, lakini hatima ya vitu hivyo viwili ni tofauti.

Jibu ni kwamba si maji yote yaliyomo katika kitu yana uhuru. Katika asali, sukari ni nyingi mno na huyashika maji kwa nguvu, hata yasipatikane kwa kijidudu kinachoyahitaji. Katika ng'onda, chumvi hufanya kazi hiyo ya kuyashika maji, na jua huondoa yaliyobaki. Kijidudu, kiwe bakteria, hamira au ukungu, hakina mdomo wa kunywea. Hupata maji kwa kuyavuta kupitia ngozi yake nyembamba. Pale ambapo sukari au chumvi iliyo nje ina nguvu zaidi ya kuvuta, maji humtoka badala ya kumwingia, naye hunyauka au hulala bila kuzaliana.

Wataalamu hupima jambo hilo kwa kutazama kiwango cha maji huru, ambacho huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 1. Maji safi yana kiwango cha 1, na kitu kikavu kabisa kina 0. Mtafiti wa Australia, William James Scott, alionyesha mwaka 1953 kwamba ukuaji wa bakteria wa jamii ya Staphylococcus, ambao huishi puani na katika ngozi ya binadamu, hutegemea kiwango hicho kuliko kiasi cha maji chenyewe. Tangu hapo kipimo hicho kimetumika katika viwanda vya vyakula, na baadaye katika viwanda vya dawa duniani kote.

Kila kijidudu na kikomo chake

Faida kubwa ya kipimo hiki ni kwamba kila aina ya kijidudu ina kikomo ambacho chini yake haiwezi kuzaliana. Pseudomonas, bakteria apendaye mabomba, ndoo na sinki, huhitaji kiwango cha karibu 0.97. Bakteria wa kinyesi aitwaye Escherichia coli, na Salmonella aletaye homa na kuhara, huishia karibu na 0.95. Staphylococcus ni mvumilivu zaidi na hufika 0.86.

Ukungu huvumilia ukame kuliko bakteria. Ukungu wa Aspergillus flavus, ambao ndio hutengeneza sumukuvu katika mahindi na karanga, unaweza kukua hadi karibu 0.78. Sumu hiyo ilishukiwa na kuthibitishwa katika mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Wapo bakteria wachache wapendao chumvi ambao huishi hata katika 0.75, nao ndio huleta wekundu unaoonekana mara nyingine juu ya samaki wa chumvi. Hamira na ukungu wa aina adimu hufika karibu 0.61. Chini ya takriban 0.60 vijidudu havizaliani tena.

Kwa hiyo, anayejua kiwango cha maji huru cha kitu anaweza kutabiri ni wageni gani watakaoweza kukikalia. Huo ndio msingi wa hatua zote zinazofuata.

Dawa zisizotakaswa kabisa

Dawa zimegawanyika katika makundi mawili. Lipo kundi la dawa zilizotakaswa hata kisibaki kijidudu kimoja, kama vile sindano, maji ya dripu na matone ya macho. Lipo pia kundi kubwa zaidi la vidonge, vidonge vya ganda, dawa za maji za kunywa, krimu na marhamu. Dawa za kundi hili la pili hazitakaswi kabisa. Sheria za viwango huruhusu vijidudu vichache visivyo na madhara, mradi visizidi idadi iliyowekwa na visiwe vya aina ziletazo maradhi. Tumbo na ngozi ya mtu mzima mwenye afya vina kinga ya kutosha dhidi ya idadi hiyo ndogo.

Sharti lililojificha katika ruhusa hiyo ni kwamba vijidudu hivyo vichache vibaki vichache. Hapo ndipo kiwango cha maji huru kinapoingia. Kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani, ambacho hutumiwa pia na viwanda vya nchi nyingine, kimetenga sura nzima kwa jambo hili na kutoa mifano ya vipimo. Kidonge kilichoshindiliwa kina kiwango cha karibu 0.36. Marhamu isiyo na maji, kama yenye msingi wa mafuta mazito, ina karibu 0.55. Dawa ya maji ya kunywa ina karibu 0.90, na krimu ya kupaka ina 0.97.

Msomaji anaweza sasa kulinganisha namba hizo na vikomo vilivyotajwa. Kidonge kiko mbali chini ya 0.60, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuzaliana ndani yake maadamu kimebaki kikavu. Marhamu ya mafuta nayo iko salama. Dawa ya maji ya kunywa inakaribisha ukungu na Staphylococcus, ingawa sukari yake huwazuia bakteria wengi wa majini. Krimu, ambayo ni mchanganyiko wa mafuta na maji, inakaribisha karibu kila aina. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza vihifadhi katika krimu na dawa za maji. Vihifadhi hivyo vina nguvu yenye mpaka, na havikukusudiwa kupambana na vidole vichafu vinavyoingizwa koponi kila siku.

Chumvi ya jikoni kama kipimo cha hewa

Mkazi wa bara anaweza kuweka kidonge mezani wiki nzima bila hatari kubwa. Mkazi wa pwani hana nafasi hiyo, na sababu yake ni hewa. Kitu kikavu kikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa polepole hadi kilingane nao. Hewa yenye unyevu wa asilimia 75, kwa muda wa kutosha, hukipeleka kitu kilichomo ndani yake hadi kiwango cha maji huru cha 0.75. Namba hizo mbili ni kipimo kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili.

Kila jiko la Bagamoyo lina kifaa cha kupimia jambo hilo, ingawa hakijulikani kwa jina hilo. Chumvi safi ya mezani huanza kutota pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75. Mpishi anayeikuta chumvi imeshikamana na kulowa ndani ya bakuli wakati wa masika ameambiwa, bila kununua chombo chochote, kwamba hewa ya nyumba yake imefika mahali ambapo ukungu unaweza kuanza kukua juu ya kitu chochote kikavu kilichoachwa wazi. Chumvi ghafi ya mashambani, kama ile ya Nunge kabla haijasafishwa, hutota mapema zaidi kwa kuwa ina magnesiamu ndani yake, kwa hiyo kipimo hiki hufaa kwa chumvi iliyosafishwa.

Siku ambayo chumvi imetota, vidonge vilivyo katika kibahasha cha karatasi vimo katika hewa hiyohiyo. Karatasi haizuii unyevu. Kidonge huanza kuvimba, kulegea na kumeguka, na vidonge vya ganda hushikamana. Hata kabla ukungu haujaonekana, unyevu huivunja dawa yenyewe kikemia. Aspirini iliyopata unyevu hutoa harufu ya siki, kwa maana imeanza kugeuka kuwa asidi iletayo harufu hiyo. Vidonge vilivyomo katika karatasi zao za kiwandani zenye vishimo hukingwa vizuri zaidi, na ndiyo sababu haifai kuvitoa humo kabla ya saa ya kumeza. Vidonge vya kopo kubwa hulindwa na kifuniko kinachokaza pamoja na kipakiti kidogo chenye punje za kunyonya unyevu. Kipakiti hicho si uchafu wa kutupwa. Kinapaswa kubaki ndani ya kopo hadi kidonge cha mwisho, na kiwekwe mbali na watoto wasije wakakila.

Chupa ya mtoto

Dawa inayoleta shida zaidi majumbani ni ile ya unga inayochanganywa na maji, hasa amoksilini ya watoto. Ikiwa bado unga, dawa hiyo hudumu hadi tarehe iliyoandikwa juu ya chupa, kwa kuwa unga ni mkavu na maji huru hayapo. Dakika maji yanapotiwa, hesabu hugeuka. Dawa huanza kuvunjika yenyewe kwa siku, na vijidudu vilivyoingia na maji au na kijiko hupata mahali pa kuishi. Ndiyo maana chupa nyingi za aina hiyo huandikwa kwamba zitumike ndani ya siku 7, na baadhi siku 14 zikiwekwa kwenye jokofu. Maandishi ya chupa yenyewe ndiyo ya kufuatwa.

Tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa kiwandani huwahadaa wazazi wengi. Mzazi huona mwaka ujao umeandikwa na kuamini kwamba nusu chupa iliyobaki bado ni nzima. Tarehe hiyo ilihusu unga. Haikuhusu mchanganyiko. Mtoto anayenyweshwa mabaki ya mwezi uliopita hupewa dawa iliyopungua nguvu, na wadudu wa ugonjwa wake hupata nafasi ya kuizoea bila kuuawa. Mtoto mwenye homa ya mapafu hana siku za kupoteza kwa dawa dhaifu.

Kosa jingine ni kuongeza maji kupita mstari ili dawa ifike siku zaidi. Maji ya ziada hupunguza kipimo cha dawa katika kila kijiko. Zaidi ya hayo, hupunguza nguvu ya sukari na vihifadhi vilivyokuwa vikiyashika maji na kuzuia vijidudu. Kwa tendo moja, dawa hudhoofika na vijidudu hupata nafasi.

Maji ya chumvi na sukari ya paketi, yaani ORS, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Paketi kavu hukaa miaka. Ikishachanganywa, chumvi na sukari zilizomo ni kidogo mno kuweza kuyashika maji, na kiwango chake hukaribia 1. Kwa hiyo mchanganyiko hutumika ndani ya saa 24 na kilichobaki humwagwa, hata kama kinaonekana safi.

Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa watoto wenye homa ya mapafu amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka katika maji kidogo. Mzazi huyeyusha kipimo kimoja tu, saa ya kumpa mtoto, na vidonge vingine hubaki vikavu. Mzazi anaweza kumuuliza mhudumu wa zahanati kama aina hiyo ipo.

Ukavu hulaza, hauui

Lipo jambo ambalo halipaswi kusahauliwa. Kiwango kidogo cha maji huru huzuia kuzaliana, lakini hakiui kila kijidudu. Wengi hulala tu, wakingoja maji. Katika miaka ya 1960 nchini Sweden, zaidi ya watu 200 waliambukizwa Salmonella kwa kumeza vidonge vya tezi ya shingo. Vidonge vilikuwa vikavu kama inavyotakiwa, lakini malighafi yake, iliyotoka kwa wanyama, ilikuwa imechafuliwa kabla ya kukaushwa. Bakteria walivumilia ukavu ndani ya kidonge na wakaamka tumboni mwa mgonjwa. Tukio hilo lilisaidia kuzifanya nchi nyingi ziweke mipaka ya vijidudu katika dawa ambazo hapo awali hazikupimwa kwa namna hiyo.

Fundisho lake linawahusu hasa wanaotengeneza na kutumia dawa za asili. Mizizi, magome na majani yaliyokaushwa vizuri na kuhifadhiwa katika chombo kikavu hayaoti ukungu. Hata hivyo, yakianikwa chini ambako kuku hupita, huchukua vijidudu ambavyo jua la siku mbili haliviui vyote. Yakisagwa na kuchanganywa na maji ya kisima yasiyochemshwa, kisha yakajazwa katika chupa za soda zilizotumika, vijidudu vilivyolala huamka na vingine huongezeka. Utafiti uliofanywa jijini Mwanza na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta sehemu kubwa ya dawa za asili za maji zilizokuwa zikiuzwa humo zimechafuliwa na bakteria. Mtengenezaji anayewajali wateja wake huanika juu ya chanja kama waanikavyo samaki, huuza dawa ikiwa kavu, na humwelekeza mtumiaji aichemshe kwa kipimo cha siku moja. Tiba hiyo ina mlezi wake kisheria, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002.

Yanayompasa mkazi

Kutokana na hayo, wakazi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Vidonge vibaki katika karatasi au kopo la kiwandani. Vikitolewa katika kibahasha, viwekwe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko kinachokaza, mbali na jiko, bafu na mtungi wa maji. Vidonge visiwekwe kwenye jokofu bila maelekezo, kwa maana chombo kilichopoa kikifunguliwa katika hewa ya pwani hutoa jasho ndani yake.

Mvuvi anayebeba dawa yake chomboni aifunge katika chupa ndogo kavu isiyoingiza maji, na abebe kipimo cha safari hiyo tu.

Dawa ya unga ichanganywe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi mstari na si zaidi. Tarehe ya kuchanganya iandikwe juu ya chupa kwa kalamu. Kijiko kisiingizwe ndani ya chupa, na mtoto asinywe kwa kuweka mdomo chupani.

Krimu na marhamu zichotwe kwa mkono ulionawa na kukauka, au kwa kijiti safi. Kopo moja litumiwe na mgonjwa mmoja.

Kidonge kilichobadilika rangi, kulegea, kutoa madoa au harufu ya siki kisimezwe. Dawa ya maji iliyotoa povu, kuvimbisha chupa au kubadilika harufu isinywewe. Ikumbukwe pia kwamba dawa inaweza kuharibika bila kuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo tarehe ya kuchanganya ina uzito kuliko macho.

Dawa zilizobaki zisihifadhiwe kwa ajili ya ugonjwa ujao wala kugawiwa jirani. Mkazi anaweza kuzipeleka katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kuuliza namna ya kuziteketeza, badala ya kuzitupa shimoni ambako watoto huziokota.

Anayenunua dawa na kuikuta imeharibika ingawa tarehe yake haijapita anapaswa kuirudisha pamoja na kifungashio chake na kumweleza mtoa dawa au Afisa Afya wa kata. Taarifa hiyo hufikishwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ilichukua jina hilo mwaka 2019 na ndiyo yenye jukumu la kufuatilia ubora wa dawa nchini. Kifungashio hakipaswi kutupwa, kwa kuwa kina namba ya toleo inayowezesha dawa nyingine za toleo hilo kutafutwa na kuondolewa madukani kabla hazijamfikia mgonjwa mwingine.

Mama aliyetajwa mwanzoni mwa makala haya anaweza sasa kuamua mwenyewe. Vidonge vyake, ikiwa vilikaa pakavu na tarehe yake haijapita, avionyeshe kwa mhudumu kabla ya kuvitumia. Kopo la marhamu lililochotwa kwa vidole vya nyumba nzima aliache. Chupa ya mtoto, iliyochanganywa mwezi uliopita, aitoe kabatini leo. Mtoto akiugua tena, hata usiku, apelekwe kituoni kupimwa na kupewa dawa mpya.